Bi. Magdaline na Ufa Uliolala

Tarehe 31 Oktoba mwaka huu, Bi. Magdaline Wakiuru, mwanajiolojia mkuu wa kampuni yetu ya Mwamba na Maji hapa Nyeri, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Mkurugenzi wetu, Bwana Ngatia, amenipa mimi, Sumeya wa chumba cha kusagia mawe, kazi ya kuandika wasifu huu kwa programu ya sherehe. Alisisitiza uwe wa kuchangamsha, wageni wacheke kabla ya kula. Nimejaribu. Nikiteleza mahali, mnivumilie, kwa sababu nimeandika nikiwa na hofu, na hofu hiyo haijaniondoka hata sasa mnaposoma.

Tuanze na sifa yake kuu, ambayo hakuna cheti kilichowahi kuitaja: Bi. Magdaline ni mwoga. Wala haifichi sifa hiyo. Akiingia katika jengo geni, hata kanisani, hata ukumbi huu wa Ruring'u mlimoketi, hutazama juu kabla ya kutafuta kiti. Alipokuja kwangu kula Idi mara ya kwanza aliomba ufagio. Nilidhani ameona buibui, kumbe alitaka kugonga dari kwa mpini asikilize inavyojibu. Mwamba mzima ukigongwa hulia kama kengele, hutufundisha, na mwamba ulioachana na wenzake hujibu kwa sauti ya debe tupu. Dari yangu ni ya mbao nyembamba, kwa hiyo ilijibu vibaya, na pilau yake akaila ameketi karibu na mlango.

Alizaliwa Tetu katika familia ya wakulima. Baba yake, ambaye nusu ya maisha yake aliokota mawe shambani na kuyatupa mpakani, hakuelewa kwa nini binti yake aende chuo kikuu kusomea kitu ambacho yeye alikuwa akikitupa bure. Binti alienda, akahitimu, akafanya kazi kwa muda katika machimbo ya dhahabu kule magharibi mwa nchi, kisha akarudi nyumbani ghafla na kujiunga na kampuni hii ilipokuwa na pikapu moja na choo cha kuazima kwa jirani. Kazi yetu wakati huo ilikuwa maji tu. Kuna shule, zahanati na mashamba kuanzia Kieni hadi Kenol ambayo hadi leo yanakunywa maji ya visima alivyovionyesha yeye kwa kidole, akisema chimbeni hapa, si pale.

Wateja wengi hudhani maji yamelala chini ya ardhi kama ziwa, na kwamba ukichimba popote utayafikia. Bi. Magdaline huwasikiliza kwa heshima, halafu huwaambia kwamba maji katika mwamba hupita kwenye nyufa, na asiyejua ufa ulipo atachimba kaburi kavu. Ndiyo sababu kampuni ilipoanza kupokea kazi za madini hakuhitaji kujifunza upya. Dhahabu nayo, husema, ililetwa na maji: maji ya moto ya chini sana, yaliyoibeba ikiwa imeyeyuka ndani yake, yakapanda kupitia mwamba uliopasuka. Pasipopasuka hapapiti kitu. Anayetafuta dhahabu asihangaike na kinachong'aa. Atafute mahali dunia ilipovunjika, ikasogea, ikaacha nafasi.

Somo lake maarufu kuhusu jambo hilo hutolewa saa ya chai, na kila aliyeajiriwa hapa amelipata akitaka asitake. Huchukua nduma iliyochemshwa, akaikata kwa mshazari. Katikati ya safari hukilaza kisu kidogo, halafu hukisimamisha tena na kumaliza. Kisha husukuma kipande cha juu kiteleze kupanda, kufuata mkato. Pale kisu kiliposimama, vipande viwili hubanana. Pale kilipolala, hufunguka pengo. Humimina chai, na chai yote hukimbilia pengoni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, husema: maji ya moto yalipofika penye nafasi yalipoteza nguvu ghafla, yakashindwa kubeba mzigo, yakautua hapo, jiwe jeupe na dhahabu ndani yake. Halafu huila nduma, na mwanafunzi hubaki hana ushahidi wowote.

Siku ambazo hakuna nduma hutumia chapati. Ukikunja chapati kadhaa kwa pamoja, kwenye mgongo wa mkunjo zitaachana kidogo, na miamba iliyokunjwa huachana hivyo hivyo, dhahabu ikapata chumba. Ametufundisha pia kwamba mwamba mgumu huvunjika na kuacha nyufa wazi, lakini ule laini hupinda na kujifunga, kwa hiyo penye mpaka kati ya hiyo miwili ndipo pa kutazama. Kwa mafundisho hayo alichora ramani ambazo makampuni makubwa kuliko yetu yamezifuata, na hakuna hata moja iliyorudi kulalamika. Bwana Ngatia anazo kwenye ukuta wa ofisi yake, juu ya picha ya arusi yake mwenyewe.

Nisisahau kisa cha mshipa, maana wafanyakazi wa zamani watanishtaki. Jiwe jeupe likijaza ufa, watu wa kazi hii huliita mshipa. Mwaka fulani Bi. Magdaline alipigiwa simu na Bwana Ngatia akiwa kwangu, sebuleni, na mama mkwe wangu alikuwa hapo akisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Bi. Magdaline alisema kwa furaha kwamba mshipa umeonekana, ni mnene, unashuka chini sana, na kesho wataukata. Kwa mama mkwe wangu, mzaliwa wa Majengo, mtaa wa Waswahili hapa mjini, mshipa ni ugonjwa, tena ugonjwa wa wanaume wa mahali pasipotajwa. Aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na chupa ya habasoda na dua ya kusoma kabla ya kukatwa. Bi. Magdaline alizipokea zote mbili.

Sasa niseme kwa nini alirudi ghafla kutoka magharibi, maana sherehe nyingi hupenda kuruka mahali kama hapo. Alikuwa kijana, ana cheo kidogo, na kazi yake ilikuwa kupima ufa ndani ya shimo la wachimbaji. Ufa ulikuwa na dhahabu nyingi mahali ulipopinda, na wachimbaji walikuwa wamejaa hapo kama nyuki, kwa sababu ndipo dhahabu ilipokuwa. Alipanda juu kuchukua penseli nyingine. Alipogeuka, shimo lilitoa pumzi, hivyo ndivyo husema, lilitoa pumzi moja ya vumbi, na wale aliokunywa nao uji asubuhi hawakuonekana tena. Hajawahi kunisimulia zaidi ya hapo, na mimi sikumwuliza. Alichojifunza siku hiyo ametuambia mara nyingi kuliko lile somo la nduma: ufa ulioileta dhahabu ndio ule ule uliovunja mwamba, na mwamba uliovunjika hausahau. Ramani ya dhahabu na ramani ya makaburi ni karatasi moja. Tangu hapo hakutia mguu katika shimo lisilokuwa na nguzo za kuaminika.

Vijana wa ofisini walimtania. Walimwita Mama Dari. Yeye aliwajibu kwa methali ileile kila mara, kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, kisha akarudi kwenye ramani zake. Nami nilicheka pamoja nao. Wakati huo mashimo yalikuwa mambo ya watu wengine.

Nakuja Kwa Ndarua. Wasiopajua, ni kilima kilicho mbali nyuma ya Nanyuki, kule lava ya Mlima Kenya inapoishia na mwamba wa kale, mgumu, unapochomoza tena kwenye nyanda kavu. Kikundi cha wachimbaji kutoka huku kwetu, wengi wao wakulima waliochoka kusubiri mvua, walikuwa wanachimba hapo wakiongozwa na Bwana Mburu, ambaye mnaweza kumwona leo, ni yule mwenye koti la kahawia kwenye meza ya karibu na jiko. Katika kikundi hicho yumo mume wangu, Fuad. Alikuwa fundi wa mabomba hapa mjini na hakuna aliyemfukuza. Alienda siku moja kufunga pampu ya kutoa maji shimoni, akaonyeshwa kijiwe chenye punje ya njano, akarudi nyumbani mtu mwingine.

Kikundi kiliiomba kampuni yetu iwachoree ufa wao, na kazi ikamwangukia Bi. Magdaline. Hakuingia shimoni. Si kwa sababu ya woga wake peke yake. Kwa Ndarua wana mwiko: mwanamke haingii. Wanaamini mwanamke akishuka, dhahabu hukimbia, na wanaume wote lazima watoke mara moja, kazi isimame, mbuzi achinjwe, shimo lipumzike hadi wazee watakaporidhika. Kwa hiyo alipima kutoka juu, akatoboa vishimo vyembamba kwa mashine, akaniletea vipande vya mwamba nivisage. Nilikuwa nikisaga mwamba wa juu ya kichwa cha mume wangu, na nilikuwa naimba.

Alichokipata ni nduma kamili. Ufa ule unashuka ukiwa umesimama, lakini chini kidogo ya mahali walipokuwa wamefika unageuka na kulala, karibu sawa na sakafu, halafu unasimama tena. Palipolala pana dhahabu nyingi kuliko popote alipowahi kupima. Na palipolala, mwamba wote wa juu umeketi juu ya udongo laini uliosagwa na ule msogeo wa kale, unaoteleza kama sabuni iliyolowa. Mtu akitoa dhahabu chini yake anatoa kitu pekee kinachoushikilia. Bi. Magdaline alimpigia simu Bwana Mburu siku hiyo hiyo kumwonya. Nilikuwa kando yake, nilisikia kila neno.

"Mburu, sikiliza. Hapo mbele yenu ufa umelala. Umelala kabisa. Umenielewa?"

"Umerara?" alisema Mburu kwenye spika, kwa ulimi wake wa Kikuyu unaogeuza l kuwa r. "Asante sana, madam. Hiyo ni habari poa. Nitaambia vijana."

Bi. Magdaline alidhani anafurahia dhahabu, kwa maana aliamini kila mchimbaji anajua kwamba ufa ukilala, dhahabu hujaa. Alishangaa kidogo kwamba hakuonekana kuogopa, lakini alijua watu wa mashimo hawapendi kuonekana wakiogopa. Alimwambia aweke nguzo za miti na aache mapande ya mwamba bila kuyagusa, naye akakubali kwa haraka ya mtu anayekubali chochote. Tulirudi kazini.

Fuad alikuja nyumbani mwisho wa wiki akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu arusi. Nilimwomba, kama nilivyokuwa nikimwomba kila mara, aache lile shimo.

"Wewe nawe, Sumeya," alisema, "woga utakumaliza. Madam mwenyewe amesema ufa umelala. Kitu imelala itanifanya nini?"

Nilifarijika. Naandika hili kwa uchungu lakini ndivyo ilivyokuwa, nilifarijika kabisa, na usiku huo nililala. Jumatatu saa ya chai nilimbebea Bi. Magdaline mahamri kumshukuru. Nilimwambia ametutuliza sisi wenye waume kule, maana ufa ukiwa umelala, haujaamka, basi Mungu ashukuriwe.

Alikuwa na nduma mkononi. Aliiweka chini. Uso wake ulibadilika polepole, na nilianza kuogopa kabla sijajua ninaogopa nini.

"Sumeya," aliniuliza, "wamesikia umelala usingizi?"

Nilisema ndiyo. Wangesikia nini kingine? Aliinuka, kikombe kikaanguka, hakukitazama. Kwake yeye umelala ni kama ubao uliolazwa, kama mtu angesema mti umelala barabarani. Kwa Mburu na vijana wake, na kwangu mimi ninayejigamba kwa Kiswahili changu cha Majengo, masomo yote ya nduma nikiwa nimeyasahau, umelala ni usingizi, ni amani, mtoto mgongoni mwa mama yake. Neno alilolituma liwe kengele lilikuwa limefika kwao kama wimbo wa kubembeleza, na kwa siku zote hizo walikuwa wamechimba ndani zaidi wakiwa wametulia kwa sababu yake.

Tulipiga simu ya Mburu, haipatikani. Ya Fuad, haipatikani. Chini ya ardhi hakuna mtandao, na simu isiyopatikana ilimaanisha jambo moja tu, kwamba wako ndani. Bwana Ngatia alitupa funguo za pikapu bila kuuliza. Bi. Magdaline aliendesha. Barabara ya Kiganjo, Naro Moru, Nanyuki, watu wanauza karoti, watoto wanatoka shule, mlima umejifunika mawingu, kila kitu kiko kama kawaida, na mimi nimeshika simu nikipiga namba ileile hadi kidole kikauma. Karibu na Naro Moru alisema kwa sauti ya chini kwamba heri angesema umelazwa, au umekuwa paa, au lolote lingine. Nilipiga tena.

Tulipofika, Mburu alikuwa mdomoni mwa shimo akinywa chai. Vijana wako chini. Bi. Magdaline alimweleza akiwa bado anahema. Alimweleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kikuyu, kisha kwa mikono yake miwili, mmoja umelazwa juu ya mwingine.

"Ati sasa unasema ingine?" alisema Mburu. "Si ni wewe urisema umerara?"

"Umelala kama paa, Mburu! Paa! Na nyinyi mnatoa kuta!"

"Tumeweka miti, madam."

"Na yale mapande niliyosema muyaache?"

Mburu alitazama chai yake. Mapande yale yalikuwa na dhahabu nayo. Huo ndio mtego wa mahali pale: hakuna nguzo ya kuacha, kwa kuwa kinachoshikilia paa ndicho kinachotafutwa. Alisema watamaliza kazi ya wiki hii, halafu wataangalia. Alisema hivyo bila ubaya wowote. Nilitaka kumrushia jiwe.

Hapo ndipo Bi. Magdaline Wakiuru, mwoga wa miaka yote hii, alipoondoa miwani yake ya jua akanipa, akapanga sketi yake vizuri, akashika ngazi ya miti. Mburu alipiga kelele.

"Madam! Mwanamke haingii! Unajua sheria!"

Aliijua. Aliijua vizuri kuliko yeye. Alianza kushuka, akigonga kila kidato kwa kisigino kabla ya kukikanyaga, akisema Baba Yetu kwa Kikuyu, na aliposhindwa kukumbuka maneno alirudia mwanzo. Kichwa chake kilipopotea nilibaki peke yangu mdomoni mwa shimo na hofu ambayo sikujua mwili unaweza kuibeba. Nilikuwa na mume chini na rafiki chini, na juu yao kulikuwa na mwamba ambao nilikuwa nimeusaga kwa mikono yangu nikausikia ulivyo laini.

Kisha nikasikia kelele, si za mwamba, bali za wanaume wenye hasira. Walitoka mmoja baada ya mwingine, wakilaani, wakitema mate, wakisema shimo limeharibiwa. Hakuna aliyebishana na mwiko. Kwa maneno ya jiolojia wasingetoka, lakini sketi iliwatoa. Fuad alitoka karibu na mwisho, mweupe kwa vumbi, akaanza kunifokea kwamba rafiki yangu amewatia mkosi. Nilimpiga kwa mkoba hadi mkanda ukakatika, halafu nikamkumbatia mbele ya watu wote, jambo ambalo hatulifanyi. Bi. Magdaline alitoka wa mwisho. Alikuwa ameligonga paa. Alikaa chini kwenye vumbi akasema linajibu kama debe, na akatapika.

Ningependa kuandika kwamba paa lilianguka baadaye likiwa halina mtu, kila mmoja akaona, wakaja kumshukuru na nyimbo. Halijaanguka. Lipo hadi leo, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Walichinja mbuzi, wakalipumzisha shimo, wakarudi. Na waliporudi, Bi. Magdaline alirudi. Kila walipolitakasa, yeye alifika na pikapu, akashika ngazi, akateremka na Baba Yetu yake, nao wakatoka na matusi yao. Wakuu wa madini waliitwa, wakaja, wakaweka kibao cha kukataza. Kibao kikawa meza ya chai. Mwaka mzima umepita hivi. Mburu humpenda sana, mtu asidhani vinginevyo. Humwita cucu, yaani nyanya, humletea viazi, na kila wakikutana mjini humtania kwamba ufa wake bado umerara. Yeye hucheka naye. Halafu huniambia kwamba mwamba hauna kalenda, kwamba nyufa zile zilingoja miaka isiyohesabika kusogea mara moja, na kungoja kwake si ahadi.

Sasa anastaafu, na magoti yake yamekataa. Daktari amemwambia ngazi basi. Habari hiyo ilifika Kwa Ndarua kabla haijafika ofisini. Mbuzi mtakayemla leo ameletwa na Bwana Mburu na kikundi chake, kwa mapenzi ya kweli, na ninajua pia kwamba ndugu yake wa zizi moja atachinjwa Jumapili kwa ajili ya shimo. Jumatatu wataingia. Fuad ameshafua ovaroli yake, ipo kwenye kamba nyuma ya nyumba. Nilipomlilia alinijibu kwa upole kwamba madam ameenda nyumbani, sasa nani atawasumbua tena.

Kwa niaba ya Mwamba na Maji ninamshukuru Bi. Magdaline kwa visima, kwa ramani, kwa nduma zote alizotuonyesha na kuzila mwenyewe. Ninamshukuru kwa kuwa alituogopea tulipokuwa tumechoka kuogopa, na kwa kutuachia watu wetu wakiwa hai mezani leo, wakila. Binti yake Wamucii amemtengenezea chumba kizuri Kenol, chenye veranda na jua la asubuhi, na ukuta wake nimeambiwa umegongwa na umejibu vizuri.

Nenda ukapumzike, Bi. Magdaline. Mungu akupe afya, wajukuu wenye maswali mengi, na usingizi usiokatika. Jumatatu usiamke kwa wasiwasi, wala usipige simu Kwa Ndarua. Magoti yangu mimi ni mazima.